WATUAREG: UISLAMU WA MAHEMANI NA MIZANI YA WANAVYUONI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyewajaalia wanaadamu kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Tunaposoma tarikhi ya Uislamu barani Afrika, mara nyingi tunasimuliwa habari za miji: Qayrawan, Fas, Timbuktu, Kilwa na Lamu. Ni haki kusimuliwa, kwani katika miji hiyo yalijengwa majumba ya elimu na misikiti. Lakini wako Waislamu ambao msikiti wao kwa karne nyingi ulikuwa ni mstari wa mawe uliopangwa juu ya mchanga kuonyesha kibla, na darsa zao zilisomwa mbele ya hema, na kesho yake hema likang'olewa na darsa ikahama nalo. Hao ni Watuareg wa jangwa la Sahara.

Watu hawa wamehukumiwa na kila aliyepita kwao. Wapo waliowaita wanyang'anyi, wapo waliowaita Waislamu wa jina tu, na wapo waliowasifu kupita kiasi. Katika makala hii tunataka kutazama walivyohukumiwa na wanavyuoni, kwa sababu mas-ala yenyewe si ya Sahara peke yake. Kila imamu hukutana na Waislamu ambao mila zao ni ngeni kwake, na humlazimu aseme: hili ni halali, hili ni kosa, na hili linamtoa mtu katika dini au halimtoi. Akikosea katika kupambanua huko, madhara yake huwa makubwa.

Jina na asili yao

Watuareg ni katika watu wa Kiberberi. Wao wenyewe hawajiiti Watuareg. Hujiita Imuhagh, Imushagh au Imajeghen, kulingana na lahaja ya kila upande, au Kel Tamasheq, yaani wenye lugha ya Tamasheq. Wana maandishi yao ya kale yaitwayo Tifinagh, ambayo akina mama waliwafundisha watoto wao kwa kuchora mchangani. Leo wamegawanyika katika nchi za Niger, Mali, Algeria, Libya na Burkina Faso.

Wako waliodai kwamba jina "Tawariq" limetokana na neno la Kiarabu "taraka", yaani kuacha, na kwamba maana yake ni watu walioachwa na Mwenyezi Mungu au walioiacha dini. Tafsiri hii ni dhaifu. Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 1406), alipoyataja makabila ya Sanhaja wavaao lithamu, aliitaja Targa kuwa ni kabila mojawapo pamoja na Lamtuna, Gudala, Massufa na Lamta. Na Targa ni jina la kale la upande wa Fezzan, nchini Libya. Basi jina la kabila na la mahali liligeuzwa kuwa tusi. Msomaji na aone jinsi hukumu mbaya inavyoweza kuanza katika jina tu.

Makabila hayo ya Sanhaja ndiyo yaliyosimamisha dola ya Murabitun. Yahya bin Ibrahim, mkuu wa Gudala, alipokuwa akirejea kutoka hija alimwomba Abu Imran al-Fasi, mwanachuoni wa Qayrawan, ampatie mwalimu wa kuwafundisha watu wake. Kwa njia hiyo akapatikana Abdullah bin Yasin, aliyefariki mwaka 1059. Baada yake Yusuf bin Tashfin alivuka bahari na kupata ushindi wa Zallaqa, Andalusia, mwaka 479 Hijria (1086). Majeshi yake yaliitwa al-Mulaththamun, wenye kufunika nyuso. Chimbuko lake lilikuwa watu wa mahema walioomba mwalimu.

Na upande wa mashariki ya hapo, katika milima ya Adagh kaskazini ya Mali, ulikuwepo mji wa Tadmekka, unaoitwa leo Essouk. Al-Bakri, aliyeandika mwaka 1068, alisema kwamba wakaazi wake walikuwa Waislamu wa Kiberberi wenye kufunika nyuso. Katika magofu yake limekutwa andiko la Kiarabu lenye tarehe ya mwaka 404 Hijria (1013/1014), nalo ni katika maandiko ya kale kabisa yenye tarehe yaliyopatikana Afrika Magharibi. Mji ulipokufa, wanavyuoni walijinasibisha nao wakaitwa Kel Essouk, na wakaendelea kusomesha Qur'ani, fiqhi na nahau wakiwa safarini na wanyama wao.

Maisha ya jangwani

Mtuareg huishi kwa ngamia, mbuzi na kondoo, na huhama kufuata mvua na malisho. Hema ni mali ya mke. Huja nalo siku ya arusi, na wakiachana huondoka nalo, mume akabaki hana paa. Mwanamume anapobaleghe na kukua huvishwa tagelmust, kitambaa kirefu kinachofungwa kichwani na kufunika mdomo na pua. Kilicho bora hutiwa nili mpaka rangi ikashika ngozi ya mvaaji. Mbele ya wakwe na wazee hukipandisha zaidi, kwa haya na heshima. Wanawake wao hawafuniki nyuso.

Riziki nyingine ilitoka katika misafara ya chumvi. Ngamia walipita jangwa la Ténéré kutoka Agadez hadi Bilma, au kutoka Taoudenni hadi Timbuktu, wakabeba chumvi na kubadilishana kwa nafaka na nguo. Mwaka 1906 msafara wa Bilma ulikadiriwa kuwa na ngamia wapatao 20,000.

Jamii yao ilipangwa kwa matabaka. Juu walikuwa imajeghen, yaani watukufu wenye silaha, na chini yao imghad waliowalipa kodi. Kulikuwa na inadan, mafundi wa chuma, fedha na mbao, na iklan, watumwa. Na kulikuwa na ineslemen, watu wa dini, na jina lao lenyewe limetokana na neno Uislamu. Hawa ndio waliosomesha, waliohukumu na waliosuluhisha.

Fiqhi ya mahemani

Madhehebu yao ni ya Imamu Malik, na katika vitabu vyao vikuu ni Mukhtasar wa Khalil. Wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki waliosoma fiqhi ya Imamu Shafii watafaidika kuona jinsi sharia ilivyomwangalia mtu wa hema.

Kwanza, tahara. Mwenye maji machache anayohofia kiu yake au ya mnyama wake anayestahiki kuhifadhiwa, hutayamamu na kuyaacha maji yanywewe. Katika hili madhehebu zote mbili zimeafikiana. Basi kiu ya ngamia ina nafasi katika mlango wa tahara.

Pili, sala. Kuishi hemani peke yake hakumfanyi mtu kuwa msafiri. Akiwa kambini kwake ni mkaazi na hutimiza sala zake, na hufupisha anapokwenda safari yenye masafa ya kufupisha. Ama Ijumaa, Wamaliki wameshurutisha mji au vibanda vya kukaa daima, na Khalil ameyatoa mahema katika hukumu hiyo. Kwa Mashafii pia, kauli yenye nguvu ni kwamba watu wa mahema ya jangwani hawasimamishi Ijumaa hata wakikaa hapo daima. Kwa hiyo mtu anayewalaumu kwa kuwa hawana Ijumaa kambini, anawalaumu kwa jambo ambalo sharia haikuwalazimisha.

Tatu, zaka. Hapa ipo tofauti kubwa. Kwetu sisi zaka ya ngamia ina sharti wawe wenye kuchunga malisho ya mubaha na wasiwe wa kufanyishwa kazi. Imamu Malik hakuweka sharti hilo. Kwa hiyo ngamia wanaobeba chumvi wanatolewa zaka wakifika nisabu, kuanzia watano kwa mbuzi au kondoo mmoja. Mtuareg mwenye msafara alikuwa akitoa zaka ambayo mfanyabiashara wa Kishafii hangedaiwa kwa ngamia wa namna hiyo.

Nne, lithamu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kufunika mdomo wake ndani ya sala. Wanavyuoni wa Kimaliki wakalifafanua jambo hili kwa watu ambao kufunika uso ni desturi yao isiyoachwa. Wakasema: nje ya sala hakuna karaha kwao, ama ndani ya sala karaha inabaki. Tazama uadilifu wa hukumu hii. Haikuivunja mila yote kwa sababu ya sehemu moja, wala haikuiacha sehemu hiyo kwa sababu ya mila.

Mgeni kutoka Tanja

Ibn Battuta tunamjua vyema, kwani alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akatuachia habari za wazee wetu. Mwaka 1352 aliingia Sahara kutoka Sijilmasa. Akapita Taghaza, ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, mpaka akafika Walata kwa watu wa Massufa, jamaa wa Watuareg wa leo.

Huko alistaajabu. Aliwaona watu wanaodumisha sala, wanaosoma fiqhi na kuhifadhi Qur'ani, huku wakirithiana kwa upande wa dada, mtoto wa dada akichukua mali ya mjomba. Alikuta wanawake wasiofunika nyuso wakizungumza na wanaume wasio maharimu wao, hata nyumbani kwa kadhi. Alimkemea mwenyeji mmoja, naye akamjibu kwamba kwao mazungumzo hayo ni ya heshima na hayana shaka. Ibn Battuta hakwenda tena kwa mtu huyo.

Lakini msafiri huyo huyo, alipokuwa akirejea mwaka 1353 kupitia nchi ya Ahaggar, aliandika jambo jingine. Watu wa huko aliwaona kuwa wabaya, lakini akashuhudia kwamba mwezi wa Ramadhani hawashambulii misafara, na hata wezi wao wakikuta mali njiani katika mwezi huo hawaigusi. Kwa hiyo katika watu wale wale palikuwa na kosa lililo wazi la mirathi, palikuwa na mazoea yanayohitaji kurekebishwa, na palikuwa na hofu ya Mwenyezi Mungu isiyokanushika. Aliyeona moja tu kati ya hayo hakuwaona.

Maswali yaliyofika Misri

Mwaka 898 Hijria (1493) mwanachuoni wa Sahara aliyeitwa al-Lamtuni alimpelekea Imamu Jalaluddin as-Suyuti, huko Cairo, orodha ndefu ya maswali kuhusu hali za watu wake: kodi za dhulma, mirathi isiyofuata Kitabu, hirizi na mengineyo. Majibu yake yamo ndani ya al-Hawi lil-Fatawi. As-Suyuti alijibu kwa utulivu. Hirizi, kwa mfano, hakuziharimisha zote. Alitazama kilichoandikwa ndani yake.

Katika zama hizo hizo Sheikh Muhammad bin Abdulkarim al-Maghili alipita Takedda, Kano, Katsina na Gao akifundisha, na majibu yake kwa Askia Muhammad wa Songhai yalikuwa makali zaidi, khasa kwa wanaochanganya Uislamu na ushirikina na kwa watawala wenye kula mali za watu. Hatusemi kwamba mmoja alikuwa juu ya haki na mwingine juu ya batili. Wote wawili walikuwa maimamu wakubwa. Lakini ukali na upole una mahali pake, na wote wawili walijibu baada ya kuulizwa na kuelezwa.

Sheikh Jibril na mwanafunzi wake

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sheikh Jibril bin Umar wa Agadez, mwanachuoni wa Kituareg wa karne ya 18. Alikemea maovu ya nchi yake kwa bidii kubwa mpaka akafikia kuyahesabu baadhi ya madhambi makubwa kuwa ni ukafiri. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Uthman bin Fodio (1754–1817), ambaye baadaye, mwaka 1804, alianzisha jihadi katika nchi ya Hausa.

Uthman alimpenda mwalimu wake na kumshukuru. Pamoja na hayo, katika mas-ala haya hakumfuata. Alibainisha katika maandiko yake kwamba msimamo wa Ahlu Sunna ni kuwa Mwislamu hakufurishwi kwa dhambi, hata iwe kubwa, maadamu hajaihalalisha, na akayafafanua maneno ya mwalimu ili watu wasiyachukue kuwa hoja ya kuwakufurisha Waislamu. Hii ndiyo adabu ya elimu: heshima ya mwalimu ikabaki, na haki ikasemwa.

Yasiyotetewa

Kuwafanyia watu uadilifu si kutetea kila wanalofanya. Mirathi ya upande wa kike, iliyowanyima watoto fungu walilopewa na Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratun-Nisaa, ni kosa. Baadhi yao waliweka wanyama katika mali iitwayo "maziwa hai", isiyouzwa, inayorithiwa na wanawake wa ukoo. Likiwa ni wakfu au hiba sahihi iliyotolewa mtu akiwa hai na mwenye afya, lina mlango katika fiqhi. Likiwa ni hila ya kuwanyima warithi, halina.

Kosa jingine ni dharau ya matabaka. Wamaliki wenyewe wameifunga kafaa ya ndoa katika dini na salama ya aibu, si katika nasaba, na bado binti wa mtukufu hakuolewa na mwana wa fundi. Na katika utumwa, alisimama Ahmad Baba (1556–1627), mwanachuoni wa Timbuktu wa ukoo wa Aqit, Msanhaja wa Massufa, ambaye alikuwa amechukuliwa mateka mwaka 1593 na kupelekwa Marrakesh. Mwaka 1615 alitoa jibu lake liitwalo Mi'raj as-Su'ud, akasema kwamba Mwislamu huru hafanywi mtumwa na kwamba rangi ya ngozi si sababu. Waliosoma walisoma, lakini iklan waliendelea kuchotea wengine maji kwa karne nyingi. Niger iliufanya utumwa kuwa kosa la jinai mwaka 2003. Jibu la mwanachuoni lilitangulia kwa miaka karibu 400.

Ukoloni, mipaka na ukame

Wafaransa walipoingia, Watuareg walipigana nao kwa mikuki na panga. Ahaggar walishindwa Tit mwaka 1902. Kuanzia Desemba 1916 hadi Machi 1917 Kaocen, aliyeshikamana na Sanusiyya, aliizingira ngome ya Agadez. Mzingiro ulipovunjwa, Wafaransa waliwaua watu wa dini wa Agadez na In-Gall kwa kisasi. Kwa umma ambao vitabu vyake vingi vimo vifuani, kuua mwalimu ni kuchoma maktaba.

Uhuru ulipokuja karibu na mwaka 1960, njia zao za malisho zilikatwa na mipaka. Ukame wa miaka ya 1968–1974 na wa 1984–1985 ukaangamiza wanyama, na wachungaji wakawa wakimbizi pembezoni mwa miji. Maasi yalitokea Mali mwaka 1963, na tena Mali na Niger kuanzia 1990. Tarehe 27 Machi 1996 bunduki zipatazo 3,000 zilichomwa moto hadharani Timbuktu kuwa alama ya amani. Amani hiyo haikudumu.

Timbuktu mwaka 2012

Mwezi Aprili 2012 kundi la Kituareg lilitangaza dola ya Azawad kaskazini ya Mali. Baada ya muda mfupi makundi yenye silaha yaliyodai kusimamisha sharia, ndani yake wakiwemo Watuareg na wageni, yalishika miji. Yakavunja makaburi ya mawalii wa Timbuktu, likiwemo la Kadhi Mahmud bin Umar Aqit, aliyekuwa kadhi wa mji kuanzia 1498 hadi 1548, katika ukoo ule ule wa Ahmad Baba. Mwezi Januari 2013, yalipokuwa yakikimbia, miswada ipatayo 4,000 ilipotea au kuchomwa katika taasisi yenye jina la Ahmad Baba. Mingine mingi zaidi ilisalimika kwa sababu wenye maktaba walikuwa wameitorosha kwa siri hadi Bamako.

Tunajua kwamba kujenga juu ya makaburi ni mas-ala yenye kauli za wanavyuoni, na wengi wamelikataza au kulichukia. Hatukusudii kulifungua hapa. Lakini wanavyuoni hao hao wameshurutisha kuwa munkari hauondolewi kwa kuleta munkari mkubwa zaidi. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mkuu wa Hisba ya makundi hayo, Mtuareg aliyesoma elimu ya dini. Mwaka 2016 alikiri mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akawaomba msamaha watu wa Timbuktu, na akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Mafundi wa mji walikuwa wamekwisha kuyajenga upya makaburi hayo mwaka 2015. Mkataba wa amani uliotiwa saini mwaka huo huo ulivunjwa na serikali ya Mali mwezi Januari 2024, na familia nyingi za Kituareg zimeishi ukimbizini Mauritania na kwengineko.

Mafunzo kwetu

Ndugu msomaji, katika habari hizi tunapata mizani yenye sahani tatu. Ya kwanza ni mila ambayo sharia imeinyamazia au imeipa nafasi, kama lithamu nje ya sala na hema la mke: hiyo iachwe. Kanuni inasema kuwa ada huhukumiwa kwayo, maadamu haigongani na nassi. Ya pili ni mila inayogongana na nassi, kama mirathi ya upande mmoja na utumwa wa Mwislamu: hiyo irekebishwe kwa kufundisha, na mwenyewe anabaki kuwa ndugu yetu. Ya tatu ni ukafiri ulio wazi, na mlango wake ni mzito. Haufunguliwi na kila mwenye sauti.

As-Suyuti aliulizwa kabla ya kuhukumu. Sheikh Uthman alimpinga mwalimu wake bila ya kumvunjia heshima. Waliokuja mwaka 2012 walihukumu kabla ya kuuliza, na walichokiacha ni kifusi na majivu. Basi imamu anayefika kwa watu ambao mavazi yao, arusi zao na mazishi yao hayafanani na ya kwao, na aulize kwanza, asome, kisha aseme.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awape ndugu zetu wa Sahara mvua yenye manufaa, amani ya kudumu na walimu wenye hekima, na atujaalie sisi sote kuwa waadilifu tunapowanena Waislamu wenzetu. Amin.

Wallahu a'lam.